Plagini: Tunamfungulia nani mlango wa tovuti zetu?

Waswahili tulioko ughaibuni, kuanzia Muscat hadi London na Toronto, tumekuwa wepesi wa kufungua tovuti. Huyu anaweka habari za nyumbani, yule anauza kanga na viungo, na mwengine anafanya yote mawili kwa pamoja. Wengi wetu tunatumia WordPress, programu ya bure iliyotolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, ambayo hivi leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani.

Programu hiyo peke yake ni nyumba yenye kuta na paa tu. Ukitaka duka, fomu ya kuwasiliana au kinga dhidi ya maoni ya kitapeli, unachomeka plagini, yaani kiprogramu kidogo kinachoongeza kazi fulani. Ghala rasmi la WordPress lina zaidi ya plagini 50,000 za bure. Hapo ndipo penye neema, na hapo hapo ndipo penye balaa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa plagini msemo huo haufai kufuatwa hivi hivi, kwa sababu mgeni huyu akishaingia hafungiwi chumba. Anaweza kusoma hifadhidata yote, kuongeza watumiaji na kubadilisha kurasa.

Mifano ipo. Mwaka 2017 plagini iitwayo Display Widgets, iliyokuwa katika tovuti zipatazo 200,000, iliuzwa na mwenyewe. Mmiliki mpya akatia humo maandishi ya siri ya kupachika matangazo ndani ya tovuti za watu, hadi ikaondolewa ghalani. Desemba mwaka huo huo ikagundulika kwamba plagini ya Captcha, yenye watumiaji 300,000, nayo iliuzwa na kuwekewa mlango wa nyuma. Waliotendewa hayo hawakupakua kitu kibaya. Walibonyeza tu kitufe cha kusasisha, kama tunavyoshauriwa sote.

Wakati mwengine hapana hila, ni hitilafu tu. Septemba 2020 iligundulika tundu katika File Manager, plagini iliyokuwa katika tovuti zipatazo 700,000. Watengenezaji waliliziba haraka, lakini wavamizi walikwishaanza kuingia.

Kwa sisi tunaoandika habari tukiwa mbali na nyumbani, jambo hili ni zito kuliko kuharibikiwa na ukurasa. Msomaji anapotoa maoni, WordPress huhifadhi anwani ya IP ya kompyuta au simu yake, pamoja na barua pepe aliyoijaza. Plagini za takwimu, fomu na ulinzi nazo huweza kuweka kumbukumbu zao, na nyengine huzipeleka kwa kampuni zilizo nchi nyengine. Huyo msomaji huenda yuko Unguja, Mwanza au Bujumbura, na ametuamini.

Tukumbuke kwamba Desemba 2016 polisi jijini Dar es Salaam walimkamata Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums. Miongoni mwa mashtaka yake lilikuwamo la kuzuia upelelezi kwa kutotoa taarifa za wachangiaji. Si kila mwenye tovuti atakuwa na ujasiri huo, na mwizi wa mtandaoni hamwombi mtu ruhusa. Njia ya uhakika zaidi ni kutohifadhi kile tusichokihitaji. Sharti la kujaza jina na barua pepe kabla ya kutoa maoni linaweza kuondolewa katika mipangilio, na anwani za IP za zamani zinaweza kufutwa.

Wenye maduka nao wana lao. Wengi hutumia WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011 kwa WooThemes, kampuni yenye mizizi Cape Town, kisha ikanunuliwa na Automattic mwaka 2015. Duka lenyewe ni la bure, hatari iko kwenye malipo. Chagua plagini iliyotengenezwa au kutambuliwa na kampuni ya malipo yenyewe, na inayomfanya mteja ajaze namba ya kadi katika ukurasa wa kampuni hiyo, ili namba isipite kwako kabisa. Ukipokea M-Pesa, funguo za siri utakazopewa hukaa ndani ya plagini, basi mjue aliyeitengeneza kabla ya kumkabidhi.

Kabla ya kuchomeka yoyote, tuangalie mambo haya. Imesasishwa lini? Ghala hutoa onyo plagini isipojaribiwa na matoleo makuu matatu ya mwisho. Maswali ya watumiaji yanajibiwa? Mmiliki ni yule yule wa mwaka jana? Tuepuke zile za kulipia zinazogawiwa bure vichochoroni, kwani nyingi hubeba virusi. Isiyotumika ifutwe kabisa, maana kuizima tu hakuondoi mafaili yake, na wavamizi huweza kuyatumia. Na tuweke nakala ya tovuti kabla ya kila mabadiliko, mahali pengine pasipo seva hiyo hiyo.

Pia tusisahau uzito. Plagini nyingi huongeza mafaili ya kupakua kila ukurasa unapofunguliwa. Sisi wa ughaibuni wenye intaneti ya kasi hatuuhisi, lakini ndugu yetu wa Pemba au Kigoma anaulipia kwa kifurushi chake cha simu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fungua leo orodha ya plagini zako, na kila moja iulize imeleta nini na inabeba nini. Isiyo na jibu iage kwa heri.