Ufunguo Uliozama Ggaba

Yeyote aliyepata kufika mwaloni Ggaba wakati wa alasiri ameuona msongamano wake: mitumbwi inaingia, samaki wanapigiwa bei, na magari yamebanana karibu na maji. Hapo ndipo ufunguo wa gari langu, Toyota kuukuu, uliponiponyoka nikishuka mtumbwini, ukazama ziwani. Kadi ya gari ilikuwa ndani, na milango yote imefungwa.

Vijana walikwisha kuokota jiwe ili wavunje kioo. Nikawazuia, nikamwita fundi wa vitasa. Bwana huyo alikataa katakata kuugusa mlango mpaka waje mwenyekiti wa mtaa na askari polisi. Kwa hakika nilikasirika.

Chombo chake kilikuwa chembamba kama ufunguo, chenye kibati kilichochorwa mistari na tarakimu. Ndani ya kitasa cha gari mna vipande bapa vya madini, na ufunguo halali huvipanga sawasawa vyote kwa pamoja, silinda ikazunguka. Chombo kile huvipapasa kimoja kimoja na kuonyesha kimo cha kila kimoja, hata ufunguo mpya uchongwe pasipo kuuona ule wa zamani. Fundi alifanya kazi hiyo amefumba macho. Alinieleza kwamba alijifunza kwa miezi mingi juu ya vitasa vibovu alivyovinunua mwenyewe, wala mwalimu wake hakumruhusu kugusa mlango wa mtu. Mkono mzito, alisema, hausikii kitu.

Mlango ulipofunguka, kabla ya kuchonga ufunguo, alimtaka askari asome jina langu katika kadi.

Ndugu askari, tahadhari hiyo si ya bure. Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda, iliyoanza kutumika mwaka 1950, humtia hatiani mtu akutwaye usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba pasipo sababu halali, na ni juu yake kuithibitisha sababu hiyo. Je, elimu hii ingefichwa? Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Hobbs aliifungua mjini London kufuli ya Bramah, iliyosifiwa kuwa haifunguki. Ilimchukua saa 51 katika muda wa siku 16. Wakubwa walinung'unika. Hobbs alishikilia kwamba wezi wanajua tayari, na anayefichwa ni mwenye mali tu. Mimi naona alisema kweli.

Askari aliyekuwa nasi aliuliza jambo la maana zaidi: kitasa kilichochokonolewa hujulikanaje? Fundi akatoa silinda iliyopasuliwa, akaimulika kwa tochi. Penye njia ya ufunguo pameng'aa kwa kusuguliwa. Chombo kigeni huacha mikwaruzo mipya mahali ambapo ufunguo haufiki. Lakini ukiingiza ufunguo au bisibisi kujaribu tu, unaichafua alama hiyo, na ushahidi umekwenda.

Askari akaitazama silinda ile kwa muda mrefu, kisha akamwomba fundi amwazime.