Straika wa madaraja ya chini: soko la mabao kutoka Dakawa hadi Uingereza

Straika wa madaraja ya chini ni mfanyakazi anayepimwa kwa kitu kimoja kinachohesabika: mabao. Beki anaweza kusifiwa kwa utulivu wake na kiungo kwa pasi zake, lakini mshambuliaji wa kati huulizwa idadi. Msimu ukiisha, viongozi wa klabu, makocha na mawakala huitazama namba hiyo kabla ya kutaja dau. Bei yake hupanda na kushuka ndani ya wiki chache, na mkataba wake mara nyingi ni wa msimu mmoja au miwili. Ndivyo mambo yalivyo kwa mchezaji wa wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro, na kwa yule wa miji midogo ya Uingereza pia.

Ngazi na vipandio vyake

Soka la Tanzania limepangwa kama ngazi. Juu kabisa ipo Ligi Kuu yenye timu 16. Chini yake ni Championship, ambayo hadi mwaka 2021 iliitwa Ligi Daraja la Kwanza, kisha First League, iliyokuwa Daraja la Pili. Hufuata ligi ya mabingwa wa mikoa, ligi za mikoa na ligi za wilaya. Timu mbili za kwanza katika Championship hupanda moja kwa moja, na ya tatu na ya nne hupewa nafasi kupitia mechi za mchujo.

Kijana wa Dakawa, mji mdogo wa wilaya ya Mvomero kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, huanzia nje ya ngazi hiyo. Soko lake la kwanza ni soka la mchangani.

Mchangani

Dakawa inaishi kwa mpunga. Skimu yake ya umwagiliaji, yenye hekta zipatazo 2,000 zinazonyweshwa na Mto Wami, ilikuwa shamba la serikali chini ya shirika la NAFCO. Sasa inalimwa na wakulima wadogo waliojiunga katika ushirika wa UWAWAKUDA. Katika maeneo ya kilimo kama hili, kalenda ya soka hufuata kalenda ya shamba. Wakati wa kupandikiza na kupalilia vijana wamo majarubani. Mavuno yakishauzwa, mfukoni kunakuwa na chochote, na mashindano huanza: kombe la diwani, kombe la mbunge, kombe la mwenye mashine ya kukoboa. Zawadi ni ng'ombe au mbuzi, seti ya jezi, mpira na kiasi cha fedha taslimu.

Katika mashindano hayo mtu anayeng'ang'aniwa kuliko wote ni mfungaji. Timu iliyofika nusu fainali humtafuta mamluki kutoka kijiji kingine au mjini Morogoro. Mapatano hufanywa kwa simu na yana vipengele vitatu: nauli, chakula na kifuta jasho. Nusu hutumwa kwa simu siku moja kabla ya mechi, na nusu hutolewa kipenga cha mwisho kikilia. Akifunga, shabiki hujipenyeza chini ya kamba iliyozunguka uwanja, akamtia noti ya elfu mbili au elfu tano mkononi. Mchezaji huichomeka ndani ya soksi na kurudi katikati ya uwanja mpira uanze upya. Huko kunaitwa "kutunzwa", nako ndiko bonasi ya mabao ya mchangani, inayolipwa papo hapo.

Soko hili lina faida na hasara zilizo wazi. Malipo hayacheleweshwi kwa miezi, na kipaji huonekana mbele ya watu wengi. Lakini hakuna mkataba, hakuna matibabu, na hakuna kumbukumbu yoyote kwamba kijana huyo alicheza. Akivunjika mguu Jumapili, Jumatatu hana wa kumdai. Akija kuwa nyota, kijiji kitabaki na simulizi tu.

Timu za mashirika

Kwa miaka mingi, daraja kati ya mchangani na soka la ushindani mkoani Morogoro lilikuwa ajira. Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1975, na majina kama Reli, Tumbaku na Polisi yaliujaza Uwanja wa Jamhuri. Katika timu ya shirika au ya jeshi la polisi, straika alipata mshahara wa kazi, nyumba au posho, na mpira ukiisha aliendelea na kazi. Mashirika ya umma yalipodhoofika au kubinafsishwa kuanzia miaka ya 1990, timu nyingi za namna hiyo zilipoteza mfadhili, na wachezaji wakapoteza kinga yao ya uzeeni.

Mfano mkubwa uliobaki upo karibu na Dakawa. Ukipita njia ya Magole unafika Turiani, nyumbani kwa kiwanda cha sukari cha Mtibwa na timu yake, Mtibwa Sugar, inayoutumia uwanja wa Manungu. Timu hiyo ya mashamba ya miwa ilitwaa ubingwa wa nchi mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na Kombe la Shirikisho mwaka 2018. Ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2023/24, ikacheza Championship msimu mmoja, kisha ikarejea Ligi Kuu.

Mtibwa imekuwa pia kituo cha kuuza. Mwaka 2016 Simba iliwachukua kwa mkupuo Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Baadaye Yanga iliwapata mabeki Kibwana Shomari na Dickson Job, waliopita katika timu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys. Klabu ya aina hii haina mashabiki wengi wa kulipa viingilio. Uhai wake unategemea fedha za kampuni, mgawo wa ligi na vipaji inavyovikuza hadi vikaonekana.

Fedha zinakotoka

Mapato ya klabu za Tanzania yamebadilika tangu mwaka 2021, Azam Media ilipoingia mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa Ligi Kuu mwaka huohuo, na baadaye udhamini wake ukafika Championship na ligi ya vijana. Fedha hizo huanzia juu na kushuka, na kila kipandio kinachofuata hupata kidogo zaidi. Timu ya Championship inalazimika kusafiri nchi nzima, kutoka Morogoro hadi Mbeya au Mara, kwa kapu dogo sana kuliko la timu ya Ligi Kuu. Gharama kubwa ya kwanza ni basi, mafuta na hoteli. Mshahara wa mchezaji hulipwa kwa kinachobaki.

Hapo ndipo mkataba unapokuwa kitu cha thamani. Kanuni za FIFA zinaweka ukomo wa miaka 5 kwa mkataba wa mchezaji, na miaka 3 kwa aliye chini ya miaka 18. Mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na isipolipa, akavunja mkataba kwa sababu ya haki. Miezi sita kabla ya mkataba kumalizika, yuko huru kuzungumza na klabu nyingine. Haki hizi zina nguvu kwa aliyesaini na kubaki na nakala yake. Aliyepewa ahadi ya mdomo na "dau la usajili" nusunusu hana pa kuanzia.

Straika wa Kitanzania katika madaraja ya Uingereza

Ngazi ya Uingereza ni ndefu na imejaa. Chini ya Premier League kuna ligi tatu zenye timu 24 kila moja: Championship, League One na League Two. Chini yake ni National League, nayo ina timu 24, na baada ya hapo ligi za kanda ambako wengi hufanya mazoezi jioni baada ya kazi ya mchana. Jamie Vardy alicheza Stocksbridge Park Steels huku akifanya kazi kiwandani. Leicester City ilimnunua kutoka Fleetwood Town mwaka 2012, na mwaka 2016 alikuwa bingwa wa nchi.

Njia ya straika wa Kitanzania, Adi Yussuf, ilielekea upande wa pili. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1992, akakulia katika timu za vijana za Leicester City, kisha akatafuta namba katika madaraja ya chini. Alizichezea Burton Albion na Lincoln City, akaenda Mansfield Town ya League Two, akashuka hadi Barrow. Msimu wa 2018/19 alikuwa Solihull Moors, iliyomaliza ya pili katika National League. Msimu huo ulibadili bei yake. Mwaka 2019 alijiunga na Blackpool ya League One, akapanda madaraja mawili kwa usajili mmoja. Mwaka huohuo alikuwa katika kikosi cha Taifa Stars kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri, za kwanza kwa Tanzania tangu 1980. Baadaye alirudi National League na kuzichezea Wrexham, Chesterfield na Yeovil Town.

Orodha hiyo ya klabu inaeleza kazi yenyewe. Kila jina ni nyumba mpya ya kupanga, kocha mpya wa kushawishi na dirisha jipya la kusubiri. Klabu za Uingereza hutangaza kila mwisho wa msimu nani anabaki na nani anaachwa, na mikataba mingi huisha Juni 30. Straika aliyefunga mabao mengi hutafutwa. Aliyepatwa na ukame wa mabao huanza tena majaribio.

Tofauti kubwa kati ya straika wa Uingereza na mwenzake wa Mvomero ni kinga inayowazunguka. Chama cha wachezaji wa Uingereza, PFA, kilianzishwa mwaka 1907, na mwaka 1961 kilifanikisha kuondolewa kwa ukomo wa mshahara, ambao wakati huo ulikuwa pauni 20 kwa wiki. Mchezaji wa League Two ana mkataba wa maandishi unaosajiliwa na chama cha kumtetea. Tanzania ina chama chake cha wachezaji, SPUTANZA, lakini mchezaji wa ligi ya mkoa bado mara nyingi hujitetea mwenyewe mbele ya katibu wa klabu.

Mgawo unaorudi nyumbani

Biashara ya wachezaji ina mlango mmoja ambao fedha zake zinaweza kurudi hadi kijijini. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5.

Hesabu yake ni rahisi. Straika akiuzwa kwa dola milioni 1, klabu iliyokuwa naye misimu ya miaka 14, 15, 16 na 17 inastahili dola 2,500 kwa kila mmoja wa misimu miwili ya kwanza na dola 5,000 kwa kila mmoja wa miwili iliyofuata: jumla dola 15,000. Straika Mbwana Samatta alipohama kutoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni hiyo ndiyo iliyohusika, na safari yake ilikuwa imeanzia kwenye timu ya Mbagala jijini Dar es Salaam.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia kituo maalumu cha FIFA kilichopo Paris. Kabla ya malipo, mfumo wa FIFA hutengeneza pasi ya kielektroniki ya mchezaji kwa kutumia kumbukumbu za usajili za shirikisho la nchi. Klabu isiyo mwanachama kupitia chama chake cha wilaya na mkoa haimo katika kumbukumbu hizo. Msimu ambao mtoto alicheza bila kusajiliwa na shirikisho la soka la nchi, TFF, haumo, hata kama kijiji kizima kilimwona akifunga.

Kwa hiyo mali ambayo timu ya Dakawa inaweza kuitunza ni kubwa kuliko ng'ombe wa fainali. Ni jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa na msimu aliocheza, vikiwa vimeingizwa katika mfumo wa usajili mwaka huohuo, huku klabu ikiwa imelipa ada yake ya uanachama wilayani. Kazi hiyo ni ya katibu wa timu, na inaanza mtoto anapotimiza miaka 12.