Usimcheke Anayeongea Kitoto

Saa mbili usiku, hosteli ya wasichana. Mwenzetu mmoja amemwacha mwanawe wa miaka miwili kwa bibi yake ili amalize digrii. Kila jioni anapiga simu ya video: "Nani huyooo? Eeh, nani huyooo?" Chumba kizima kinacheka, na hakosi mjuaji wa kusema: "Ongea naye vizuri bwana, utamharibu mtoto."

Hamharibu. Tena anamfundisha.

Tunapoongea na mtoto mdogo, sauti hupanda, mwendo hupungua, irabu huvutwa na maneno hurudiwarudiwa. Mwaka 1985, Anne Fernald alionyesha kuwa watoto wa miezi minne hupenda kusikiliza sauti ya namna hiyo kuliko mazungumzo ya watu wazima. Mwaka 1997, Patricia Kuhl na wenzake waliwapima akina mama wa Marekani, Urusi na Sweden. Wote walizitia chumvi irabu walipoongea na watoto, kiasi kwamba i, a na u zilitofautiana waziwazi. Ni kama mwalimu anayeandika ubaoni kwa herufi kubwa.

Kurudia nako kuna kazi yake. Tukiongea hatuachi nafasi kati ya neno na neno kama kwenye daftari. "Kunywamaziwayako" kwa mtoto mchanga ni mlio mmoja tu. Akisikia "maziwa haya", "maziwa matamu", "unataka maziwa?", anaanza kukinasa kile kipande kisichobadilika.

Ila sauti tamu peke yake haitoshi. Mwaka 2003, Kuhl aliwapa watoto wa Kimarekani wa miezi tisa nafasi ya kusikia Kichina. Waliochezewa na mtu ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliowekewa video hawakuambulia kitu.

Sasa, simu ya mwenzetu je? Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uligundua kuwa watoto wa miaka miwili hivi walijifunza maneno mapya kwa simu ya video, lakini si kwa video iliyorekodiwa. Kwenye simu kuna mtu anayewasikia na kuwajibu.

Kwa hiyo msikilize vizuri mwenzetu. Akiuliza "nani huyooo?" ananyamaza kidogo, anasubiri. Kule kijijini kasauti kanajibu: "Mimi!" Naye anadaka: "Eeeh, ni wewe!"

Basi ikifika saa mbili, wewe mjuaji, punguza muziki. Kuna mtu yuko darasani.