Njia mbili zilimshinda fisi; msomi je?

Jioni moja ya likizo ya Agosti 2024, mimi na mwenzangu tulikuwa tukifunga mizigo ya safari nyumbani kwetu Kangundo. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa akitoka shambani kwake, alisimama langoni, akatusalimu, kisha akauliza kwa Kikamba: “Mwanangu, wasema waenda kazini. Na huyu mama je, naye aenda kazini?” Nilimweleza kwamba nilikuwa nikienda Mombasa kwenye kongamano la wataalamu wa lugha, na kwamba mama watoto alikuwa akifuatana nami ili aione pwani. Mzee alitikisa kichwa taratibu, akasema, “Haya. Serikali ina pesa.” Akaenda zake.

Msomaji mpenzi, sikulala vyema usiku ule. Maneno ya mzee hayakuwa ya uchokozi. Yalikuwa maneno ya mlipa kodi. Katika nchi yetu neno kongamano, pamoja na ndugu zake semina na warsha, limeanza kunuka. Wananchi wamewaona watu wakitia sahihi katika orodha ya mahudhurio asubuhi, wakapokea posho adhuhuri, na kufikia alasiri wako ufuoni wakipunga upepo. Mtu wa namna hiyo akiandamana na mkewe, nani atamwamini kwamba yuko kazini?

Hata hivyo, kulikuwa na upande wa pili wa shilingi ambao jirani yangu hakuujua. Tumeoana kwa miaka 18. Katika muda huo nimehudhuria makongamano mengi, ndani na nje ya nchi, na kila nirudipo humletea mwenzangu leso moja na masimulizi mengi. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, ni yeye aliyewalaza watoto, akawaamsha, akawapeleka shule, kisha naye akaenda kufundisha. Yeye ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili. Kwa miaka 15 amewaeleza wanafunzi jinsi maji ya bahari yanavyojaa na kupwa, na jinsi matumbawe yanavyojengeka, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Aliichora ubaoni kwa chaki, akaifuta, akaichora tena mwaka uliofuata. Nami nilikuwa nikitoka pwani na kurudi bila ya kuliona jambo hilo kuwa ni aibu yangu.

Basi mwaka huo tuliamua kwenda pamoja. Tuliweka sharti moja: fedha zisichanganyike. Chuo kilinipa masurufu ya mtu mmoja, nami nilijua kwamba nitayatolea hesabu kwa stakabadhi. Nauli ya mwenzangu, nyongeza ya chumba cha hoteli kwa mtu wa pili, chakula chake na viingilio vyake, vyote tulivilipia kwa akiba tuliyoianza mwezi wa Januari. Tulibeba bahasha mbili, moja ya kazi na moja ya nyumbani. Siku tulipokula pamoja, tuliomba stakabadhi mbili. Wahudumu walitushangaa, lakini hakuna aliyetunyima.

Tulipanda treni Syokimau, tukaipita Emali, Kibwezi na Mtito Andei, tukashuka Miritini jua likiwa limeanza kupungua ukali. Asubuhi ya kwanza ya kongamano, rafiki mmoja wa chuo kingine alipomwona mwenzangu pembeni mwangu alicheka, akasema, “Daktari, safari hii umekuja na askari?” Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, maana nilikosa la kusema. Baadaye nilijiuliza: kama mke ni askari, basi mume anayesafiri peke yake ni nani? Mzaha ule ulitufichua sisi wenyewe zaidi ya ulivyomdhihaki yeye. Tumezoea kuyachukulia makongamano kuwa mahali ambapo mtu huwa hana nyumba wala jamaa kwa muda wa siku tatu.

Nitasema wazi kwamba yale niliyoyapata nje ya ukumbi nikiwa na mwenzangu yaliifaa kazi yangu. Kabla ya vikao kuanza tulikuwa tukienda Mji wa Kale kupata kiamshakinywa cha mahamri na mbaazi za nazi. Siku ya kwanza mama muuzaji alimwita mwenzangu kwa ukarimu: “Ndoo mamangu, ndoo uketi.” Mwenzangu akatazama huku na huku, akidhani anaombwa asogeze ndoo ya maji. Ilibidi nimweleze kwamba katika Kimvita, njoo ni ndoo, njia ni ndia, na njaa ni ndaa. Adhuhuri hiyo nilisikiliza makala nzima kuhusu sauti hizo, yenye majedwali na alama nyingi. Ilikuwa makala nzuri. Lakini mwenzangu alikuwa amekwisha kulijua somo hilo kabla ya chai kupoa, na hatalisahau.

Ni jambo la kutafakari kwamba mkutano uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928 papo hapo Mombasa, katika mji wa Kimvita. Waliokutana walizungumza juu ya lugha ya watu waliokuwa nje ya mlango wakiuza samaki na kunywa kahawa. Mtaalamu wa lugha anayefika Mombasa, akakaa ukumbini tangu asubuhi hadi jioni, kisha akarudi hotelini na kulala, atakuwa ameuzungumzia mji bila kuusikia.

Meza nayo ilitufunza. Neno lenyewe meza ni la Kireno. Mwenzangu alipoionja ile mbaazi, alisema, “Hii si nzuu yetu ya nyumbani?” Naam, ndiyo hiyo hiyo tunayoipika Ukambani, ila huku imevaa tui la nazi. Mama muuzaji alicheka, akatuambia kwamba zile alizonunua wiki hiyo zilitoka kwetu. Tukakumbushana kwamba katika karne ya 19 Wakamba walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na bidhaa na maneno. Neno letu mbesa, yaani pesa, ni moja ya mizigo waliyorudi nayo. Kumbe hata njia ya kutoka kwetu kwenda bahari haikuwa ngeni. Sisi ndio tuliokuwa wageni kwayo.

Hadi hapo, msomaji aweza kudhani kwamba ninajisifu. La hasha. Sasa nifike penye kosa langu, maana hilo ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Siku ya pili, saa nane mchana, mwanafunzi wangu wa uzamili alikuwa na zamu ya kusoma makala yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya hadhira ya wataalamu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitaketi safu ya mbele. Lakini mchana ule jua lilipendeza, upepo wa kusi ukavuma, nami nikajiambia kwamba kikao cha alasiri huwa hakina uzito, na kwamba mwanafunzi yule ni hodari, hatanihitaji. Nikamchukua mwenzangu tukaenda Ngome ya Yesu. Sikumwambia kwamba nilikuwa na ahadi.

Tuliitembelea ngome kwa saa mbili. Nilimweleza kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa miaka miwili na zaidi, kwamba Waingereza waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958, na kwamba mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Nikamweleza kwa madaha kwamba wanaisimu hulihusisha neno gereza na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Huko ukutani tulimkuta mvuvi mmoja mzee akipumzika. Mwenzangu alimwuliza juu ya maji kujaa na kupwa, naye akampa maneno mawili ambayo hayakuwamo katika kitabu chake cha kufundishia: bamvua, wakati maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu, wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mwenzangu aliyaandika maneno hayo katika daftari lake kama mwanafunzi.

Jioni, tukiwa mezani mbele ya samaki wa kupaka na wali wa nazi, mwanafunzi wangu alipita. Nilimwuliza makala yake ilikwendaje. Alijibu kwa adabu: “Ilikwenda vizuri, mwalimu. Tulikuwa watu saba. Nilikuwekea kiti.” Kisha akaniaga na kwenda zake.

Mwenzangu aliweka kijiko chini, akanitazama kwa muda mrefu. “Baba watoto,” akasema, “ile ngome imesimama pale tangu mwaka 1596. Ulidhani ingeondoka kabla ya saa kumi?” Sikuwa na jibu. Samaki yule sikumaliza.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Usiku ule nilitambua kwamba nilikuwa nimeufasiri vibaya usemi huo. Fisi hakushindwa kwa kuwa njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa kutaka kuzikanyaga zote mbili kwa wakati mmoja. Bahasha zangu nilizitenganisha vyema, nikajiona mwadilifu, nikasahau kwamba saa nazo zina wenyewe. Shilingi ya chuo sikuigusa, lakini saa ya mwanafunzi wangu niliitwaa nikaitumia matembezini. Mzee wangu wa Kangundo alishuku fedha. Laiti angalijua kwamba nitakopa pengine!

Kongamano lilipofungwa, siku ya mwisho, tulivuka Daraja la Nyali kwenda kulizuru kaburi la Rosine Krapf. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, ndiye mmisionari aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1850, na kamusi iliyotoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Ndiye pia aliyefika Ukambani mwaka 1849, na tena mwaka 1851. Waliwasili Mombasa wote wawili mwaka 1844. Kufikia Julai mwaka huo huo Rosine alikuwa amefariki kwa homa, pamoja na mtoto wao mchanga. Kamusi ile nimeitaja katika mihadhara yangu mara nyingi mno, lakini sikuwahi kulifikiria kaburi. Mwenzangu alisimama hapo kimya, kisha akauliza, “Na jina lake huwa mnalitaja?” Nilikiri kwamba hatulitaji.

Tulirudi nyumbani. Nilipeleka hesabu za masurufu, na mhasibu hakuwa na swali. Hesabu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nilimwita mwanafunzi wangu ofisini, nikamwomba radhi bila kuzungukazunguka, jambo ambalo sisi wahadhiri hatukulizoea. Nikamwomba aisome makala yake mbele ya idara yetu. Siku hiyo niliketi safu ya mbele, nikauliza maswali mawili, na la pili lilimtoa jasho, kama ilivyo haki yake. Naye mwenzangu, muhula wa tatu ulipoanza, aliingia darasani na maneno bamvua na maji mafu. Aliniarifu kwamba siku hiyo wanafunzi waliuliza maswali hata kengele ikawapita.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, sikubaliani na wanaosema kwamba safari ya kazi ichukuliwe peke yake kama dawa chungu. Mwenzi wako akiweza kufuatana nawe, mchukue. Muonyeshe mji, mle pamoja, msikilize pamoja lugha ya watu. Yeye ndiye aliyeilipia elimu yako kwa usingizi wake, na leso moja kila mwaka haimalizi deni hilo. Lakini lipieni wenyewe kilicho chenu, na kila saa irudishwe kwa mwenyewe. Ngome itembelewe baada ya vikao, au siku inayofuata, haina haraka. Nanyi wanafunzi, mkituona safu ya mbele haina mtu, mnayo haki ya kutuuliza tulikuwa wapi.

Yule mzee jirani nilimkuta tena langoni wiki ile tuliporudi. Nilimpelekea pakiti ya tende. Aliipokea, akaigeuzageuza mkononi, akauliza, “Hii imenunuliwa na mbesa za nani?” Nikamwambia, za mama watoto. Akacheka, akaifungua pale pale.