Kamera ya Mfukoni kwa Wakazi wa Tarime na Serengeti

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yanayopigwa picha nyingi zaidi, na tangu mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipozunguka angani kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia wakihesabu wanyama, kazi iliyozaa filamu ya mwaka 1959 iliyotunukiwa tuzo ya Oscar, macho ya dunia yameielekea mbuga hiyo kupitia lenzi za wageni. Wakazi wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, kuanzia Robanda na viunga vya Mugumu katika wilaya ya Serengeti hadi upande wa Tarime unaoelekea Mto Mara, wanahitaji picha kwa sababu nyingine kabisa: mtoto anayebatizwa, mahari inayopokelewa, bibi ambaye wajukuu wangependa kumkumbuka akiwa na nguvu zake, shamba la mahindi lililokanyagwa na tembo usiku. Kwa mahitaji hayo kamera ya kidijitali ya bei nafuu inatosha, mradi mnunuzi ajue ni kitu gani hasa analipia.

Kamera inayozungumziwa hapa ni ile ndogo inayoingia mfukoni, ambayo lenzi yake haibandukani na ambayo hufanya sehemu kubwa ya maamuzi yenyewe, tofauti na kamera kubwa za studio zinazobadilishwa lenzi. Kamera za namna hii ziliuzwa kwa wingi sana kabla ya simu janja kuenea. Mwaka 2010 watengenezaji, wengi wao wa Japani, walisafirisha kamera za kidijitali za aina zote zaidi ya milioni 121, lakini kufikia mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya milioni nane. Matokeo yake ni kwamba kamera ndogo mpya za kampuni zinazoaminika zimekuwa chache, za mtumba zimejaa, na pengo lililobaki katikati limezibwa na kamera zisizo na jina linalofahamika, zenye maboksi ya kuvutia na tarakimu kubwa.

Swali la kwanza ambalo mtu mwenye busara hujiuliza ni kwa nini anunue kamera ilhali simu iko mkononi. Swali hilo ni la haki, na jibu lake kwa wengi ni kwamba hawana haja ya kununua, kwa sababu simu nzuri ya miaka ya karibuni hupiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja, ikaziunganisha na kusahihisha mwanga kwa ustadi ambao kamera ya bei nafuu haiwezi kuufikia. Kamera hujipatia nafasi yake mahali pengine: ina lenzi inayosogea kweli kuvuta kitu cha mbali, ina fleshi yenye nguvu kuliko taa ndogo ya simu, betri yake hubadilishwa kwa sekunde chache, na haiishiwi chaji kwa sababu ya mazungumzo wala ujumbe. Juu ya hayo, haiazimwi na kila mgeni anayetaka kupiga simu. Kijana anayetaka kupata riziki kwa kupiga picha za pasipoti na za harusi mjini Tarime, Nyamongo au Mugumu ataona faida ya sifa hizo mapema kuliko mtu anayejipiga picha mwenyewe.

Tarakimu inayopotosha wanunuzi kuliko zote ni ya megapikseli. Pikseli ni nukta moja ya rangi, na picha yote ya kidijitali ni mkusanyiko wa nukta hizo zilizopangwa kwa safu; megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ambayo ndiyo saizi inayosafishwa zaidi studio (neno "kusafisha" limebaki hata baada ya dawa na mkanda kuondoka), huhitaji nukta milioni mbili hivi ili ionekane safi kabisa machoni, na picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 huhitaji takriban milioni tisa. Hivyo kamera ya megapikseli 10 ya miaka kumi na mitano iliyopita bado inatosheleza fremu ya ukutani. Boksi linapotangaza megapikseli 48 juu ya kamera ya bei ya chini kabisa, mara nyingi kamera hiyo ina kihisi cha nukta chache sana, kisha programu iliyo ndani hubuni nukta za ziada kwa kukisia rangi iliyo katikati ya nukta mbili za kweli. Picha huongezeka ukubwa bila kupata undani wowote, mithili ya uji ulioongezwa maji.

Kihisi kilichotajwa ni kipande kidogo kilicho nyuma ya lenzi, kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme, na ndicho kilichochukua nafasi ya mkanda. Katika kamera nyingi za mfukoni kina upana wa takriban milimita sita na kimo cha milimita nne na nusu, ilhali fremu ya mkanda wa zamani ilikuwa milimita 36 kwa 24, yaani eneo lililo kubwa mara thelathini. Kwa kuwa kihisi kidogo hukusanya mwanga kidogo, kamera hizi hufanya vizuri juani na hudhoofika jioni, na mnunuzi anayeambiwa kwamba kamera ndogo ya bei nafuu itapiga ngoma ya usiku bila fleshi anadanganywa.

Lenzi ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi. Kuna kuvuta kwa aina mbili: kuvuta kwa lenzi, ambapo vioo vya ndani husogea na kukileta kitu karibu kikiwa na undani wake wote, na kuvuta kwa kidijitali, ambapo kamera hukata sehemu ya katikati ya picha na kuitanua, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya baadaye kwenye kompyuta. Namna rahisi ya kutofautisha ni kuwasha kamera na kubonyeza kitufe cha kuvuta. Lenzi isiyotoka nje wala kutoa mlio wowote wa mashine huwa, mara nyingi, haina cha kusogeza. Kamera kama Sony Cyber-shot W800, iliyotoka mwaka 2014, huvuta mara tano kwa lenzi, na kiasi hicho kinafaa kabisa kwa watu. Kwa wanyama hakifai: nyumbu mwenye urefu wa mita mbili akisimama mita 100 kutoka ukingoni, wakati makundi yanapovuka Mto Mara karibu na Kogatende kati ya Julai na Oktoba, atachukua takriban sehemu moja ya kumi na nne ya upana wa picha hata kamera ikivuta hadi mwisho. Kwa kamera inayovuta mara 40 nyumbu huyo atachukua zaidi ya nusu ya upana wa picha, ila bei yake ni mara kadhaa zaidi, na kwa hiyo mwenye fedha kidogo afanye uamuzi mapema kama anawapigia picha watu au wanyama, kwa maana kamera moja ya bei ndogo haitamtendea haki katika yote mawili.

Baada ya lenzi, betri. Mahali ambapo umeme wa gridi hukatika, au ambapo kaya hutegemea sola, kamera inayotumia betri ndogo za kawaida zenye alama AA, zile zile zinazowekwa kwenye saa ya ukutani, ina faida kubwa, kwa kuwa betri hizo hupatikana kwenye maduka madogo hata vijijini. Kamera nyingi za Canon za mfululizo wa PowerShot A na kamera mpya ya bei nafuu iitwayo Kodak PIXPRO FZ45 hutumia betri hizo. Inafaa kujua kwamba betri za bei ya chini kabisa humalizika baada ya picha chache, kwa sababu fleshi na mota ya lenzi hudai umeme mwingi kwa mara moja. Jozi mbili za betri za kuchajiwa huokoa fedha ndani ya muda mfupi. Kamera yenye betri yake maalumu si mbaya, lakini kabla ya kulipa mnunuzi ahakikishe kwamba chaja ipo, na kwamba betri ya akiba bado inauzwa Mwanza au Dar es Salaam.

Kadi ya kumbukumbu, maarufu kama memori kadi, nayo ina mitego yake. Kamera za zamani za Olympus na Fujifilm zilitumia kadi ya aina ya xD na baadhi ya Sony zilitumia Memory Stick, na zote mbili ni adimu sasa, kwa hiyo kamera inayopokea kadi ya SD ndiyo salama. Hata hapo, kamera nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2006 hazisomi kadi iliyozidi gigabaiti mbili. Kadi bandia, zinazoonyesha gigabaiti nyingi kuliko zilizonazo, huonekana nzima hadi siku ya harusi ambapo picha za alasiri hufuta zile za asubuhi. Dawa yake ni kuijaza kadi mpya kabisa kwa majaribio na kufungua kila picha kabla ya kuiamini.

Kati ya kamera mpya isiyo na jina na kamera ya mtumba ya kampuni inayojulikana, yenye lenzi safi, ya pili ndiyo bora karibu kila wakati. Ni kweli kwamba vijana wa Ulaya na Marekani wamezipenda upya kamera hizi katika miaka ya karibuni na kupandisha bei za baadhi yake, lakini zile za kawaida bado zinapatikana kwa bei ya kuvumilika. Mnunuzi aiwashe na kuizima kamera mara kadhaa akisikiliza kama lenzi inakwama, kwa kuwa vumbi, ambalo barabara za wilaya ya Serengeti wakati wa kiangazi hulitoa bila ubahili, huingia kwenye mikunjo ya lenzi na kuigandisha. Apige picha ya ukuta mweupe na kutafuta madoa, apige nyingine akiwa ameziba lenzi kwa kiganja ili aone kama kuna nukta zinazong'aa gizani, ajaribu fleshi, na afungue kifuniko cha betri kutazama kama kuna kutu ya kijani. Anayevuka mpaka wa Sirari kwenda kununua Isebania au Migori, upande wa Kenya, akumbuke kwamba nafuu ya forodha waliyopewa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, inahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na kamera iliyotengenezwa Asia haimo. Anayenunua upande wa Tanzania adai risiti ya EFD, ambayo pia ni ushahidi wake kamera ikiibwa au ikizua mgogoro na muuzaji.

Kamera ikishapatikana, kinachobaki ni jambo ambalo vitabu vya maelekezo hulipita haraka, nalo ni uso wa mtu mweusi. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina weupe wa wastani, mithili ya rangi ya kijivu. Bibi harusi mwenye gauni jeupe akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake hupotea gizani. Kosa hilo ni la ukokotoaji wa mashine wala si la ngozi yake, ingawa historia nayo ina sehemu yake: kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kamera nyingi ndogo zina kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kuongeza mwanga hadi kiasi cha +0.7 au +1 huurudisha uso, na mbele ya kichaka chenye giza hufanywa kinyume, la sivyo paji la uso huungua na kubaki doa jeupe. Saa sita mchana, katika eneo hili lililo karibu na ikweta, jua huwa juu ya utosi na kuacha vivuli kwenye matundu ya macho, kwa hiyo fleshi iwashwe mchana huo huo, mpigaji akisimama ndani ya mita tatu, kwa sababu nguvu ya fleshi ndogo haivuki sana hapo. Wapiga picha wengi wanaoanza huona haya kuwasha fleshi juani wakidhani watachekwa. Picha zao zingewatetea.

Matumizi ya mwisho, yale ya shamba lililokanyagwa na tembo, yanahitaji utulivu zaidi kuliko ustadi. Kanuni za mwaka 2011 chini ya sheria ya wanyamapori ziliweka kifuta jasho kwa mkulima ambaye mazao yake yameharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa. Maofisa ndio wanaofanya tathmini, na picha haichukui nafasi yao, lakini huhifadhi hali ya shamba kabla mvua haijafuta nyayo na kabla mabua hayajalishwa mifugo. Saa ya ndani ya kamera hurudi mwanzo betri ikikaa nje kwa muda mrefu, hivyo tarehe ikaguliwe kabla ya picha ya kwanza. Ianze picha ya shamba zima ikionyesha mlima, nyumba au mti unaotambulika, ifuate ya safu zilizokanyagwa, kisha ya unyayo mmoja, jembe likiwa limelazwa pembeni yake ili ukubwa wake upimike, na anayekwenda kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa wanyamapori apeleke nakala, kadi yenye picha halisi ikibaki nyumbani, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki mkavu.