Chembe za fedha na majani ya mwarobaini: tumaini la vidonda lisilokamilika bado

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mwarobaini ni mti usiohitaji kutambulishwa. Jina lake lenyewe ni ushahidi wa imani ya watu kwamba majani, magome na mbegu zake hutibu maradhi arobaini. Katika karne hii, mti huo wenye asili ya Bara Hindi umeingia katika maabara za sayansi kwa sababu nyingine kabisa: maji ya majani yake yaliyochemshwa yanaweza kutumika kutengeneza chembe ndogo mno za fedha, na chembe hizo huua bakteria, wakiwamo baadhi ya wale ambao dawa za kawaida haziwawezi tena.

Fedha inayozungumzwa hapa si pesa za mfukoni, bali ni madini yale yale ambayo sonara hutengenezea bangili na pete.

Haja ya silaha mpya ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la tiba la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kutokana na maambukizo ya bakteria sugu kwa dawa. Eneo lililo kusini mwa Sahara ndilo lililobeba mzigo mzito kuliko kanda nyingine zote. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, kwa mtoto aliyeunguzwa na maji ya moto, au kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, usugu huo una maana moja: kidonda kilichopaswa kufunga katika majuma machache chaweza kugharimu mguu, au uhai.

Dawa ya kale

Fedha si ngeni katika tiba. Mwaka 1881, daktari Carl Credé wa mjini Leipzig, Ujerumani, alieleza jinsi tone la nitrati ya fedha, ambayo ni chumvi ya madini hayo, lilivyowakinga watoto wachanga na maambukizo ya macho yaliyokuwa yakiwapofua. Katika hospitali yake, maambukizo hayo yalishuka kutoka takriban mtoto 1 kati ya 10 hadi chini ya 1 kati ya 100. Mwaka 1968, Charles Fox wa New York alitangaza malhamu ya majeraha ya moto yenye fedha iliyochanganywa na dawa ya salfa, na malhamu hiyo ikaenea hospitalini kote duniani.

Jambo jipya leo ni udogo wa chembe zenyewe. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mwanadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na bakteria wengi wana urefu wa nanomita 1,000 au zaidi. Chembe za nano huwa kati ya nanomita 1 na 100.

Udogo huo hubadili tabia ya kitu. Kila mpishi anajua kwamba pilipili manga iliyotwangwa hukolea upesi kuliko punje nzima, ingawa uzito ni ule ule, kwa kuwa iliyotwangwa ina eneo kubwa zaidi linalokutana na maji. Ndivyo ilivyo kwa fedha. Kadiri chembe zinavyokuwa ndogo, ndivyo zinavyotoa kwa wepesi ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni. Ioni hizo hutoboa utando wa bakteria, hukwamisha protini zake, na huvuruga vinasaba vyake. Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja tu ya kijidudu. Fedha hushambulia kadhaa kwa pamoja.

Kazi ya majani

Njia iliyozoeleka ya kutengeneza chembe hizo ni kuchanganya nitrati ya fedha na kemikali kali ambazo huipa ioni elektroni na kuirejesha kuwa madini. Baadhi ya kemikali hizo ni sumu, na mabaki yake ni mzigo kwa mazingira. Mwaka 1998, wanakemia wa Kimarekani Paul Anastas na John Warner waliweka kanuni 12 za kile kinachoitwa kemia ya kijani. Kanuni ya kwanza yasema kwamba kuzuia taka ni bora kuliko kuzisafisha baada ya kuzalishwa.

Mwaka 2004, kundi la watafiti la Murali Sastry katika Maabara ya Taifa ya Kemia mjini Pune, India, lilionyesha kwamba mchuzi wa majani ya mwarobaini waweza kufanya kazi ya kemikali hizo. Viambato vya majani huipa fedha elektroni, kisha huzivika chembe ganda jembamba linalozizuia zisigandamane. Kazi hiyo humalizika kwa saa chache, na ishara yake huonekana kwa macho: maji yasiyo na rangi hugeuka manjano, kisha kahawia kama chai ya rangi. Tangu wakati huo, watafiti wa nchi nyingi wamefaulu kwa shubiri, tangawizi, karafuu na mimea mingine mingi.

Kutoka maabara hadi kitandani

Hata hivyo, kuua bakteria ndani ya kisahani cha maabara ni jambo moja, na kuponya kidonda cha mtu ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu chembe zinazotokana na mimea imepatikana katika visahani hivyo, au kwa panya.

Bandeji za fedha zilizotengenezwa kwa njia nyingine zimekwisha kujaribiwa kwa binadamu, na matokeo yake yanatoa funzo. Mwaka 2009, watafiti nchini Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 213 wenye vidonda sugu vya miguu vinavyotokana na kasoro ya mishipa ya damu. Baada ya majuma 12, wagonjwa wapatao 6 kati ya 10 walikuwa wamepona, wawe wametumia bandeji za fedha au za kawaida. Mwaka 2010, wataalamu wa mtandao wa Cochrane walipima majaribio 26 na kuona kwamba ushahidi haukutosha kuthibitisha kwamba fedha huzuia maambukizo ya vidonda. Sababu mojawapo yaeleweka: fedha nyingi haibagui, na huweza kudhuru pia seli changa za ngozi zinazojaribu kufunga jeraha.

Isitoshe, bakteria wanaweza kuizoea fedha. Mwaka 1975 iliripotiwa kwamba bakteria wa salmonela waliokuwa sugu kwa nitrati ya fedha walisambaa katika wodi ya majeraha ya moto mjini Boston, Marekani.

Ukijani una mipaka

Neno "rafiki wa mazingira" nalo lahitaji uangalifu. Majani hupunguza sumu katika utengenezaji, lakini kinachotoka mwishoni ni fedha ile ile, nayo ina madhara kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walionyesha kwamba baadhi ya soksi zilizotiwa chembe za fedha ili zisinuke huziachia zinapofuliwa. Katika mitambo ya kusafisha majitaka, sehemu kubwa ya fedha huungana na salfa na makali yake hupungua. Pale ambapo majitaka humwagwa moja kwa moja mtoni au baharini, kinga hiyo haipo.

Aidha, majani ya msimu wa mvua si sawa na ya kiangazi, na tofauti hiyo huweza kubadili ukubwa wa chembe. Dawa haina budi kuwa ile ile kila inapotengenezwa.

Wakati sayansi ikiendelea, wafanyabiashara hawasubiri. Wako wanaouza "maji ya fedha" kupitia intaneti na kudai kwamba ukiyanywa hutibu karibu kila maradhi. Tangu mwaka 1999, mamlaka ya dawa ya Marekani imeeleza kwamba bidhaa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na manufaa. Anayeyanywa kwa muda mrefu huweza kugeuka ngozi ikawa ya samawati ya kijivu, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki.

Wala mwarobaini unaochemshwa nyumbani si dawa hii, kwa sababu hauna fedha ndani yake. Nitrati ya fedha nayo huunguza ngozi na macho, na si kitu cha kuchanganywa jikoni.

Kwa aliye na kidonda leo, yaliyothibitishwa ni yale ya kawaida: kukisafisha kwa maji safi, kudhibiti sukari kwa mwenye kisukari, kutoukanyagia mguu ulioumia, na kwenda zahanati mapema kinapotoa usaha, harufu au joto. Chembe za mwarobaini zitastahili kuwekwa katika kabati moja na dawa hizo siku zitakapokuwa zimejaribiwa kwa wagonjwa wa kutosha, wakiwamo wale wa hospitali za Afrika, ambako usugu wa bakteria umeelemea zaidi.