Orodha Haizuii Tingatinga

Hadi mwaka 2010, mmiliki wa jengo la kihistoria jijini Houston aliyenyimwa kibali cha kulibomoa hakuwa na sababu ya kuhangaika. Alingoja siku 90, kisha akaleta tingatinga. Sheria ya hifadhi ya jiji, iliyopitishwa mwaka 1995, ndiyo iliyomfungulia mlango huo. Mwanya huo umezibwa katika mitaa ya kihistoria ya jiji, lakini umezibwa baada ya mengi kupotea, na miongoni mwa waliopoteza zaidi ni wajukuu wa watu waliowahi kuwa watumwa.

Mtaa wao unaitwa Freedmen's Town, katika eneo la Fourth Ward, magharibi mwa katikati ya jiji. Juni 19, 1865, Jenerali Gordon Granger alitangaza huko Galveston kwamba watumwa wa Texas wako huru. Wengi walishika njia ya Houston, wakatua kando ya mto Buffalo Bayou, kwenye ardhi ya chini ambayo wenye uwezo hawakuitaka kwa sababu ya mafuriko. Mwaka uliofuata walianzisha Kanisa la Antioch, ambalo lipo hadi leo. Wakajenga nyumba, shule na maduka. Mitaa yao ilikuwa matope matupu, na kwa masimulizi ya wenyeji, walichanga na kutandaza matofali kwa mikono yao, kwa kuwa jiji halikuwajali. Miaka ya 1940 sehemu ya mtaa ilisafishwa ili zijengwe nyumba za serikali kwa ajili ya familia za wazungu. Baadaye ikaja barabara kuu.

Mwaka 1985 mtaa huo uliingizwa katika Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, ukiwa na majengo ya kale zaidi ya 500. Ukipita leo utakuta majengo machache sana kati ya hayo, yamebanwa na maghorofa mapya.

Hapa ndipo wasomaji wengi huniuliza: iliwezekanaje, ilhali mtaa uliorodheshwa? Iliwezekana kwa sababu Orodha ya Taifa, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1966, huibana serikali kuu peke yake. Fedha au kibali cha serikali hiyo kikiingia katika mradi, ni lazima kwanza madhara yapimwe na wahusika wasikilizwe. Lakini mtu binafsi anayetumia fedha zake anaweza kubomoa nyumba iliyomo kwenye Orodha, na Orodha haina la kumfanya. Nguvu ya kuzuia imo katika sheria ndogo za jiji, na sheria ndogo za Houston zilikuwa hizo za kungoja siku 90. Sisi wa Afrika Mashariki tusijione tuko salama. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na bado sehemu ya jumba lake la Beit al-Ajaib ilianguka Desemba 25, 2020, ikaua watu, wakati ukarabati ukiendelea.

Kilichobaki Freedmen's Town, zaidi ya makanisa na nyumba chache, ni matofali yenyewe katika mitaa ya Andrews na Wilson. Kwa mtaalamu wa hifadhi, barabara hiyo ni jengo kamili. Tofali hukaa juu ya tabaka la mchanga, likishikwa na majirani zake, ndiyo maana linaweza kung'olewa na kurudishwa bila kuvunjika. Lakini kung'oa kuna adabu yake. Unapiga picha kila mita, unachora mpangilio, unaweka namba, unasafisha kwa brashi laini, unahifadhi kwa safu zilezile. Mwaka 2016, katika kazi ya mabomba, mkandarasi aling'oa matofali kwenye njia panda ya Andrews na Genesee kinyume cha makubaliano, na wenyeji walisimama barabarani kwa hasira. Walikuwa na haki. Wanaamini michoro ya matofali kwenye njia panda za mtaa imebeba kumbukumbu ya Afrika Magharibi, na tofali likishachanganywa kwenye rundo, ushahidi huo haurudi tena, hata kama tofali lenyewe ni zima.

Dallas nako kuna mtaa wa aina hiyohiyo: Tenth Street, upande wa Oak Cliff. Miaka ya 1990 uliwekwa chini ya ulinzi wa jiji na pia katika Orodha ya Taifa, maana yake ulikuwa na kinga zote mbili. Kisha mwaka 2010 jiji lilibadili kanuni: nyumba ya makazi isiyozidi futi za mraba 3,000, ambazo ni kama mita za mraba 280, ikitajwa kuwa kero, ingeweza kubomolewa kwa amri ya mahakama hata ikiwa ndani ya mtaa wa kihistoria. Kanuni hiyo haikutaja rangi ya mtu wala jina la mtaa. Lakini nani alikuwa na nyumba ya chini ya mita za mraba 280? Karibu kila mtu wa Tenth Street. Majumba ya matajiri yalivuka kipimo hicho bila jasho. Zaidi ya nyumba 70 kati ya takriban 260 zimebomolewa tangu mtaa upewe ulinzi.

Zilikuwa mbovu kiasi hicho? Baadhi, ndiyo. Nyingine zilihukumiwa na mkaguzi asiyezijua. Nyumba hizi ni za mbao, zimekaa juu ya nguzo fupi, na Dallas ina udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kama ule wa mbuga za Shinyanga. Kwa hiyo nyumba huinama, sakafu hupinda na milango hukataa kufunga. Fundi anayeijua huingia chini na jeki, akainua kona iliyozama kidogo kidogo ili kuta zisipasuke, akaweka nguzo mpya. Kinachooza mara nyingi ni boriti ya chini tu, iliyo karibu na ardhi. Hukatwa kipande kilichooza, kikaungwa kingine. Mbao za ukutani huwa ni msonobari wa msitu wa asili, uliokua polepole, mgumu kuliko mwingi unaouzwa dukani leo. Kuzitupa ili kuweka plastiki ni hasara ya wazi.

Tatizo ni fedha, na fedha nazo zina milango yake. Serikali kuu hurudisha asilimia 20 ya gharama za ukarabati kupitia kodi, ila kwa majengo ya kuingiza mapato tu. Mwenye hoteli hupata. Bibi anayeishi katika nyumba aliyoachiwa na baba yake hapati. Na mara nyingi bibi huyo hana hata hati. Babu alifariki bila wosia, nyumba ikawa ya warithi wote, wengine wako California. Benki haikopeshi nyumba ya watu kumi na wawili wasiokutana, na jiji halimtambui aliyemo ndani kuwa ndiye mwenye mali.

Ndiyo maana naupenda mradi wa Project Row Houses, ulioanzishwa mwaka 1993 na Rick Lowe na wasanii wenzake katika Third Ward, Houston. Walizikuta nyumba 22 nyembamba, za chumba nyuma ya chumba, zikingoja kubomolewa. Walizitengeneza, wakaweka kazi za sanaa katika baadhi na akina mama vijana na watoto wao katika nyingine. Zimesimama kwa sababu zina watu.

Mombasa nako kuna mtaa wa aina hiyohiyo: Frere Town, Kisauni, ulioanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa, miaka kumi tu baada ya tangazo la Galveston. Wakazi wa Mombasa wanaijua kengele yake, na kituo cha Kengeleni kimepata jina kutokana nayo. Mnara wa kengele umetunzwa. Nyumba za waliokombolewa na viwanja vya wajukuu wao ni habari nyingine, na shinikizo la viwanja Kisauni halipungui. Ningepewa bajeti ya mwaka mmoja pale, nusu ningewalipa mawakili na wapima ardhi, waketi na kila familia mpaka jina la aliyemo ndani ya nyumba liandikwe kwenye hati. Mafundi wangeanza kazi mwaka wa pili.